Wiki ya mdada wa Tandika: deni la mia sita, elfu 85 za Mnyamwezi na dumu la asali

Jumatatu asubuhi gari la Tandika kwenda Kariakoo limejaa mpaka mlango haufungi, halafu konda bado anaita, "Ndani kweupe, ndani kweupe!" Kweupe gani? Kuna mama amebeba ndoo ya samaki, kuna wanafunzi watatu wamesimama mguu mmoja mmoja kama korongo, na kuna mdada wa miaka 24 aliyebahatika siti ya dirishani kwa sababu alidandia gari likiwa bado linageuza.

Huyo mdada ndiye mwenye hii wiki. Anauza kava na vioo vya simu kwenye duka la mtu mtaa wa Aggrey, na amepanga chumba kimoja Tandika, choo cha nje, umeme wa kuchangia. Jina halina kazi hapa. Ukipita Aggrey kesho utawaona hamsini wanaofanana naye.

Konda akapitisha mkono. Mdada akatoa noti ya 2,000. Mkaka wa siti ya pembeni naye akatoa 2,000. Nauli ni 600. Kila aliyepanda daladala anajua kinachofuata: konda akachomoa noti ya 2,000 na sarafu nne za 200, akampa mkaka zote, akasema, "Hiyo ya wawili, gawaneni," akaendelea na watu wa nyuma kama hakimu aliyemaliza kesi.

Piga hesabu. Kila mmoja anadai 1,400. Anayechukua noti inabidi ampe mwenzake 600, na 600 hakuna aliyekuwa nayo. Wakaanza kupekua mifuko. Mdada akapata pini ya nywele na risiti ya LUKU. Mkaka akapata pipi. Walivyokuwa wanapekua ndivyo gari lilivyokuwa linafika anaposhuka mkaka, kule Keko, na suka hana habari na mahesabu ya watu.

Mkaka akachukua zile sarafu, 800, akamwachia dada noti.

"Sasa mia sita yako je?"

"Utanipa tukikutana."

Akashuka. Utanipa tukikutana! Jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5. Mdada akabaki na noti ya watu, akitaka kuona aibu na kucheka kwa wakati mmoja. Angalau angeombwa namba angejua ni janja ya kuomba namba. Mkaka hakuomba chochote, na kusema kweli hilo lilimkera kidogo.

Sasa Jumanne ndiyo wiki ilipochafuka.

Kwanza jambo moja lieleweke. Jumamosi ya wiki hiyo kodi ilikuwa inaisha. Chumba elfu 60 kwa mwezi, mama mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 360,000. Mdada alikuwa amejikusanyia 250,000 kwa kujinyima, zile za kula mchana chapati moja na maji ya kandoro. Pengo ni 110,000. Ameshaomba bosi, bosi kasema biashara ngumu. Ameshaomba dada yake, dada yake naye kamwomba yeye.

Saa mbili usiku yuko kitandani simu ikalia meseji. Umepokea shilingi 85,000. Jina la mtumaji la kiume, hajawahi kulisikia. Kabla hajamaliza kusoma, simu ikaita. Sauti ya mzee, inakwama kwama:

"Mwanangu, samahani. Nimekosea namba, kuna hela yangu imekuja huko..."

Mdada hakumwacha amalize. Kila Mtanzania mwenye simu ameshatumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengine wameshatumiwa na meseji feki ya muamala, halafu mtu anapiga analia, unamrudishia hela yako mwenyewe ukidhani ni yake. Basi mdada akamshushia mzee wa watu maneno. Tapeli wewe, mzee mzima huna haya, kajifunze kulima. Hakuna shikamoo wala nini. Akakata.

Akakaa na ushindi wake kama dakika tano. Halafu, kwa kujifurahisha tu, akaangalia salio.

85,000 zipo. Hela halisi, zimekaa pale.

Usingizi haukuja. Alilala chali akihesabu mabati. 250 jumlisha 85 ni 335. Pengo linakuwa elfu 25 tu, na elfu 25 hata bosi mgumu anaweza kukopesha. Aliyekosea namba ni yeye mzee, nani kamtuma? Na tena kashaitwa tapeli, si atakuwa kakata tamaa? Saa saba usiku akili ya mtu anayedaiwa kodi inaongea kama wakili wa kulipwa.

Jumatano dukani akamweleza kijana wa duka la jirani, yule anayejua kila kitu. Kijana hakufikiria hata sekunde.

"Itoe. Itoe sasa hivi. Akipiga huduma kwa wateja wanaizuia, ikishatoka kwa wakala ndiyo basi tena, imekuwa yako."

Na hapa hakuna haja ya kumpamba mtu. Mdada alienda. Saa ya chakula alifunga kabati la vioo, akavuka mtaa mpaka kwa wakala, akapanga foleni nyuma ya watu watano. Alikuwa na kitambulisho mkononi na jibu kichwani, kwamba akiulizwa na mtu yeyote atasema hela ya mama. Hakuna aliyemuuliza. Wakala ana haja gani na mama yako?

Foleni ikasogea. Wa nne, wa tatu, wa pili. Mbele yake akabaki baba mmoja mwenye bahasha, akatoa laki tano. Wakala akahesabu, akahesabu tena, akampa. Kisha akamgeukia mdada, akafungua droo akaigeuza juu chini ili ushahidi uonekane.

"Keshi imeisha, dada. Yule baba kamaliza zote. Labda urudi saa kumi, ila sikuahidi."

Kariakoo nzima ina mawakala, kila nguzo ina mwavuli. Angeweza kuvuka hatua ishirini tu akamkuta mwingine. Kwa nini hakuvuka, hata mwenyewe hajui vizuri. Anasema miguu ilichoka. Anasema pia kwamba aliiona ile droo tupu akaona kama anachungulia kitu ambacho hakutakiwa kukiona. Akarudi dukani bila kula.

Saa kumi simu ikaita. Namba ile ile.

Safari hii akapokea polepole. "Shikamoo babu."

Kimya kidogo, halafu, "Marahaba mwanangu. Leo umeamka vizuri."

Babu hakulia wala hakuomba. Alieleza kama mtu anayetoa taarifa ya shamba. Yuko Sikonge, Tabora, ameuza asali. Hela ni ya mjukuu wake anayesomea uuguzi huko huko Dar, anadaiwa hela ya mtihani, na asiyelipa mpaka Ijumaa Jumatatu haingii chumba cha mtihani. Namba aliandika kwenye daftari kwa mkono wake. Mwisho wa namba ni moja, ila moja ya babu ina kofia kama ya saba, na kijana wa dukani aliyemtumia akasoma saba. Jina la mpokeaji lilitokea kabla ya kubonyeza, lakini miwani babu aliiacha nyumbani, na kijana alikuwa na wateja.

"Sasa wewe mwenye saba ni mtu wa wapi?"

"Mimi mwenyeji wa Kisarawe, babu. Mzaramo."

Ungesikia kicheko kilichotoka kwenye ile simu! Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Loo! Hela ya Mnyamwezi imeangukia kwa Mzaramo! Basi imekwisha! Mjukuu arudi nyumbani tu aje kupasua kuni!"

Wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa tangu enzi za misafara ya kushuka pwani na mizigo. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukamshukuru. Mdada alilelewa na bibi, utani anaujua. Akajibu hapo hapo, "Nyie si mlizoea kubeba mizigo mpaka pwani? Hii mizigo ya mtandao imewashinda?" Mteja aliyekuwa anachagua kava akageuka kuangalia nani anamtukana nani. Wakatukanana dakika nzima, babu wa Sikonge na binti wa Kariakoo, na ilipokwisha hakuna aliyebaki anamwogopa mwenzake.

Kurudisha mwenyewe mdada hakutaka, na hapo alikuwa na hoja. Wapo wanaorudishiwa kwa mkono, halafu wanapiga huduma kwa wateja hela inarudishwa mara ya pili, wewe unabaki na minus. Akamwelekeza: babu apige huduma kwa wateja kwa laini ile ile aliyotumia, aseme muamala umekosewa, ataje namba ya muamala. Wao watampigia yeye, yeye atakubali.

"Nilishapiga jana, mwanangu. Muziki mzuri sana. Ulipigwa mpaka chaji ikaisha."

"Piga tena babu. Chaji simu kwanza."

Alhamisi mchana kimya. Hela bado ipo kwenye simu, na kijana wa duka la jirani kila akipita ananyoosha vidole viwili akivitembeza hewani kama mtu anayekwenda kwa wakala. Mdada mwenyewe anakiri kwamba siku hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko Jumatano. Jumatano hakumjua mzee. Alhamisi anamjua, anamjua mpaka saba yake, na bado ile 335 ilikuwa inajihesabu yenyewe kichwani.

Usiku saa mbili na nusu umeme ukakata. Haukuwa mgao, uniti za LUKU zilikuwa zimeisha. Nyumba ya wapangaji sita, mita moja, na kila mwisho wa wiki kuna vita ya nani ana pasi, nani ana friji, nani anachemsha maji kwa jagi la umeme akisema ni chai tu. Uniti zikiisha usiku, nyumba nzima inapatwa na usingizi wa ghafla. Aliyekuwa anacheka ananyamaza, redio za betri zinazimwa. Watu sita macho yako wazi gizani, wanasikilizia nani atajitokeza kwanza, maana atakayejitokeza ndiye atakayenunua.

Mama wa chumba cha mbele akaanza kupita mlango hadi mlango na tochi. "Elfu mbili mbili jamani! Mnalala saa mbili kama kuku?" Akagonga kwa fundi seremala, kimya. Akagonga kwa mwalimu wa tuisheni, kimya. Akagonga kwa mdada. Mdada akabana pumzi.

Simu ikalia. Mlio wenyewe ni wa singeli, ameuweka juu kwa sababu ya kelele za Kariakoo.

"Habari za jioni. Unaongea na huduma kwa wateja. Je, tarehe tajwa ulipokea fedha kiasi cha shilingi elfu themanini na tano kutoka kwa mteja asiyemfahamu?"

Mdada, chini ya shuka, kwa mnong'ono: "Ndiyo."

"Sikusikii vizuri. Je, unaridhia fedha hizo zirejeshwe kwa mtumaji?"

"Ndiyo, naridhia."

"Naomba uongee kwa sauti, simu inarekodiwa."

"NAKUBALI! ELFU THEMANINI NA TANO, MRUDISHIENI BABU HELA YAKE!"

Kuta za vyumba vile hazifiki juu. Nyumba nzima ilisikia. Kwanza kimya, halafu mlangoni sauti ya mama wa chumba cha mbele, taratibu kabisa:

"Kumbe upo. Na elfu themanini na tano ulikuwa nazo. Lete elfu mbili ya LUKU."

Akatoa. Seremala naye akafufuka, mwalimu akafufuka, taa zikawaka. Dakika kumi baadaye meseji ikaingia kwamba zile 85,000 zimetolewa. Salio likabaki lile lile la masikini. Babu hakupiga usiku ule, labda simu ilikuwa haina chaji.

Ijumaa asubuhi kuna foleni ile ambayo hata bodaboda wanazima injini. Gari la Tandika limesimama Keko, na upande wa pili gari linalotoka mjini nalo limesimama, madirisha yanatazamana, katikati machinga wanapita na maji na karanga. Mdada akainua macho. Dirisha la pili kutoka nyuma, yule mkaka wa Jumatatu, anakula karanga.

"Wewe! Mia sita yako!"

Mkaka akaangalia kushoto, kulia, akamwona, akaanza kucheka. Mdada alikuwa na sarafu tatu za 200 kwenye pochi tangu Jumanne, kazitenga pembeni kabisa. Lakini magari yameachana, mkono haufiki. Akamwita kijana wa maji. "Kaka, mpelekee yule wa karanga hii mia sita." Kijana akapokea, akazunguka mbele ya gari, akafika dirishani, akakabidhi, akaongea kidogo, akarudi.

"Kasema ahsante. Ila mia mbili nimekata ya usafiri."

Gari zima likaangua kicheko. Kule mkaka ameinua sarafu mbili juu ili kila mtu azihesabu, na foleni ilipoanza kusogea akatoa kichwa nje akapiga kelele, "Dada, bado nakudai mia mbili!" Magari yakaachana. Wanaosubiri harusi wajikaze, namba hakuna aliyeomba hata safari hii.

Jumamosi mama mwenye nyumba alifika saa nne, na kanga yake ya kudai kodi. Wapangaji wanaijua, ina rangi ya machungwa, akiivaa hiyo hakuna salamu ndefu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapewa shikamoo na chai, chai akainywa. Mdada akaweka 250,000 mezani, akaeleza. Mikono ilikuwa inatetemeka, na mtu aliyewahi kuomba asitolewe chumbani anajua mtetemo huo haufichiki hata ukishika kikombe.

Mama akahesabu noti zote, akalowesha kidole, akahesabu tena.

"Nimesikia Alhamisi ulirudisha hela ya mtu."

Kumbe habari ilishafika mpaka kwake Yombo.

"Ndiyo mama."

"Elfu themanini na tano."

"Ndiyo mama."

Mama akasikitika kwa dhati kabisa. "Si ungenilipa mimi kwanza, huyo mzee ukamrudishia taratibu?"

Mdada hakuwa na jibu. Mama akakunja noti akazifunga kwenye pindo. "Haya. Miezi minne, laki mbili na arobaini. Ile miwili mingine usije ukanizungusha. Na hii elfu kumi iliyobaki haipo kwako, naweka LUKU, maana nasikia mnalala gizani na wenye hela mmo." Akanyanyuka, akaomba nusu kikombe kingine cha chai, akaondoka. Miezi minne. Mdada alikaa kwenye ile ndoo mpaka chai ikapoa, halafu akafua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Jioni hiyo ndipo babu alipopiga. Mjukuu amelipa tangu Ijumaa mchana, Jumatatu anafanya mtihani. Na kuna kitu kimepanda basi la Tabora, kesho kiulizwe stendi ya Magufuli kule Mbezi. "Usiombe namba ya kufuatilia, mimi sizijui hizo. We sema mzigo wa Mnyamwezi."

Jumapili basi, Tandika mpaka Mbezi, jua la saa saba. Kwenye dirisha la mizigo kuna kijana amechoka na watu.

"Jina?"

Akataja. Hakuna. Akataja jina la babu. Kijana akapekua, akatoa dumu la lita tatu limefungwa na gunia, juu yake karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MZARAMO WA DAR. Chini yake namba ya simu.

"Wewe ndiye Mzaramo?"

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho."

Akatoa cha NIDA. Kijana akakiangalia mbele na nyuma. "Hapa hakijaandika Mzaramo."

"Kitambulisho gani kinaandika kabila?"

"Mimi sijui, mzigo umeandikwa Mzaramo. Na namba je? Inaishia moja."

Mdada akachungulia ile karatasi. Saba ya babu. Safari hii kaiandika saba kweli, lakini kofia kaisahau. Kabla hajaeleza, kijana ameshapiga ile ya moja, na upande wa pili ikapokewa na sauti ya msichana. Kijana akauliza kama ana mzigo wa asali kutoka Tabora. Msichana, kwa furaha zote, akasema ndiyo, wa babu, anakuja kuchukua.

Ilibidi mdada aombe ile simu. "Dada, mimi ndiye saba," akasema, na hakuhitaji kusema zaidi. Mjukuu alicheka kicheko kile kile cha babu, mpaka na kikohozi. Akamwambia kijana wa mizigo, "Mpe huyo Mzaramo asali yake, mimi yangu ipo." Halafu wakaongea kidogo, maana wote wawili wamebanana na wiki ile ile kwa pande mbili. Alhamisi mchana, wakati mmoja anapigiwa vidole vya kwenda kwa wakala, mwenzake alikuwa ameshafungasha begi la kurudi Sikonge. Mdada alinyamaza hapo. Ile habari ya foleni na droo tupu hakumwambia. Alimtakia mtihani mwema.

Kurudi na lita tatu za asali kwenye daladala ni shughuli nyingine, mfuniko ulikuwa unavuja. Alishuka Tandika gauni limeganda kwenye paja, na konda aliyemsaidia kushusha dumu alibaki analamba vidole. Nyumbani mama wa chumba cha mbele alishasikia harufu kabla ya geti. Kila mpangaji akapata kikombe, hata yule seremala wa kulala saa mbili. Kikombe kimoja kikawekwa kando kwa ajili ya mtu mwenye kanga ya machungwa.

Saa tatu usiku, yuko kitandani anajilamba mkono, simu ikaingia meseji. Namba ngeni. Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.

Meseji ya namna hii inatakiwa itumwe 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure. Mdada anajua, hata bosi amebandika dukani. Lakini ilikuwa Jumapili, tumbo limejaa asali. Akaandika: "Hela sina ndugu yangu. Asali ya Tabora ipo."

Zikapita kama dakika mbili. Simu ikalia tena.

"Lita bei gani?"